Pevingi Hushikwa Pembeni na Chini

Masika yakiisha, nyua nyingi zilizotandikwa pevingi huanza kutoa siri zake. Kuanzia getini hadi pale gari linapolala hujitokeza mabonde mawili yanayofuata njia ya magurudumu. Kandokando ya bustani mstari wa mwisho umeinamia udongo, na mianya iliyokuwa haipitishi hata ukucha sasa inaingiza kidole. Maji yanatuama pasipotakiwa. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi husema vitofali ni vibovu, kiwanda husema fundi hakuijua kazi, na mara nyingi shauri huishia kwenye mfuko wa saruji: pevingi zilizolegea zinang'olewa, zinagandishwa kwa mota, na mambo yanatulia. Masika mengine yakija, palipogandishwa pamebaki juu na pembeni yake pamezama zaidi. Ninaloliamini, na ndilo ninalotaka kulitetea hapa, ni kwamba katika mlolongo huo wote kitofali ndicho chenye hatia ndogo kuliko vyote. Pevingi, au kabro kama wanavyoziita Wakenya, hazijishiki zenyewe. Hushikwa na ukingo ulio pembeni, na tabaka zilizo chini, na mchanga uliojaa kwenye mianya. Fedha ikipelekwa huko, hata kitofali cha kawaida hukaa miaka na miaka. Ikipelekwa kwenye rangi na umbo la kitofali, hakuna umbo litakaloisaidia kazi hiyo.

Tuanze na uzito wa kitofali chenyewe. Pevingi ya sentimita 20 kwa 10, yenye unene wa sentimita 8, ina kilo 3.7 hivi. Mtoto wa shule ya msingi anaibeba kwa mkono mmoja. Zikiwa 50 kwenye mita moja ya mraba, zote pamoja hazifiki kilo 200. Gari dogo lenye tani moja na robo likipita juu yake na dereva akakanyaga breki, nguvu inayokwenda chini na ile inayosukuma mbele zinazidi kwa mbali uwezo wa kitofali kimoja kubaki mahali pake kwa uzito wake tu. Kinachokizuia ni mchanga mkavu uliobanwa kati yake na wenzake. Chembe za mchanga hukwaruzana na kuta za zege pande zote nne, hivyo kitofali kikisukumwa chini kinawaburuta majirani, nao wanawaburuta majirani zao, na mzigo uliotua kwenye eneo la kiganja unasambaa kwenye eneo kubwa la ardhi. Ndiyo maana wahandisi wa uwanja wa ndege wa Chek Lap Kok huko Hong Kong, uliofunguliwa mwaka 1998 juu ya kisiwa kilichopanuliwa kwa kujaza bahari, walitumia vitofali vya zege kwenye maegesho ya ndege. Walijua kwamba ardhi iliyojazwa ingeendelea kushuka kidogo kidogo, na walitaka sakafu inayoweza kufuata mshuko huo bila kupasuka, kisha ifunguliwe na kusawazishwa. Kwenye yadi za makontena za bandari ya Rotterdam, vitofali vya namna hiyohiyo hubeba mashine nzito kuliko lori lolote litakaloingia uani kwako. Kwa hiyo mtu akisema pevingi haziwezi mzigo, tumuulize mzigo huo uliwekwa juu ya nini.

Ukingo ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa hiyo nitaukalia zaidi. Chukua ua wenye upana wa mita 10, uliotandikwa vitofali vya upana wa sentimita 10. Kuna vitofali 100 kutoka ukuta hadi bustani, na kwa hiyo mianya ipatayo 100. Mwanya mmoja ukiongezeka milimita moja tu, hakuna jicho litakalouona. Lakini yote mia ikiongezeka milimita moja moja, mstari wa mwisho umehama sentimita 10, yaani upana wa kitofali kizima. Hesabu hiyo inafanya kazi kwa kurudi nyuma pia: ukingo ukisogea sentimita 5 kuelekea bustanini, kila mwanya unapata nusu milimita ya ziada, mchanga unashuka, ule mbano unapotea, na gurudumu linalofuata linasukuma kwa urahisi kuliko lililotangulia. Abiria waliobanana kwenye daladala hawaanguki dereva anapofunga breki, mpaka mlango ufunguke. Ukingo mbovu ni mlango ulioachwa wazi, na kuhama kulikoanzia pembeni huonekana katikati baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati hakuna tena anayekumbuka pembeni kulifanywaje.

Ukingo unaostahili jina hilo una kitako. Unachimbwa mtaro unaoshuka chini ya kiwango cha mchanga wa kulalia, linamwagwa zege, jiwe la ukingo linakalishwa juu ya zege hilo likiwa bado bichi, kisha nyuma yake, upande wa bustani, zege lingine linapandishwa hadi angalau nusu ya kimo cha jiwe na kufunikwa na udongo. Zege hilo la mgongoni halionekani kazi ikishakamilika, na ndiyo sababu huwa la kwanza kurukwa. Badala yake utakuta tofali la kujengea limesimamishwa kwenye udongo laini, au mstari wa pevingi zilezile zilizosimamishwa wima na kupakwa mota kidogo chini. Hivyo ni mapambo tu. Warumi walilielewa jambo hili mapema. Kwenye mitaa ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, mawe makubwa ya njia yamebanwa pande zote mbili na mawe marefu ya ukingo wa njia za miguu, na mengi yangali pale yalipowekwa. Mtu anaweza kusema yamekaa kwa sababu ni mazito, na kweli uzito wake ulisaidia. Lakini watu waliokuwa na mawe mazito kiasi hicho bado waliona haja ya kuyafungia pembeni. Sisi wenye vitofali visivyofika kilo nne tuna haja kubwa zaidi.

Chini ya pevingi kuna tabaka mbili zinazochanganywa mara nyingi, na kuchanganywa huko kunaleta hasara. Ya chini ni msingi wa moramu nzuri au kokoto zilizochanganyika ukubwa, unene wa sentimita 15 au zaidi panapopita magari, uliomwagwa kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15 na kila tabaka kunyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya linalofuata. Ya juu yake ni mchanga wa kulalia, ambao kazi yake ni kukipa kitofali kitanda, nao unatakiwa uwe sentimita 3 hivi, sawasawa kila mahali. Makosa huanza pale fundi anapoutumia mchanga huo kuficha mabonde ya msingi. Pale msingi uliposhuka anaweka sentimita 8, pale uliponyanyuka anaweka moja, na siku ya kukabidhi kazi sakafu imenyooka kama ilivyopimwa kwa pima maji. Mchanga mnene hubonyea zaidi ya mchanga mwembamba, kwa hiyo baada ya miezi mabonde yaleyale ya msingi yanapanda juu na kujichora kwenye pevingi. Kuna njia rahisi ya kulizuia hilo. Fundi makini hulaza mabomba mawili ya chuma yenye unene wa mchanga unaotakiwa juu ya msingi uliokwisha kunyooshwa, humwaga mchanga katikati, kisha huburuta ubao ulionyooka juu ya mabomba. Akishayatoa, huijaza mifereji yaliyoiacha, na kutoka hapo hakuna mguu unaokanyaga mchanga ule: anapanga pevingi akiwa amesimama juu ya zile alizokwisha kupanga.

Udongo wa asili nao hauachi kusema. Mfinyanzi mweusi wa Kitengela na Athi River, na ule wa mbuga za Shinyanga, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na hakuna kitofali kitakachotulia juu ya ardhi inayopanda na kushuka kila msimu. Panapowezekana huondolewa na kujazwa moramu. Pasipowezekana, kina cha msingi kinaongezwa, na kitambaa maalumu cha kutenganisha tabaka kinatandazwa ili mfinyanzi usipande kuingia kwenye kokoto. Mchanga mwepesi wa pwani una shida nyingine: hauvimbi, lakini unakimbia pembeni usipofungwa, na hapo tunarudi kwenye ukingo.

Wapo watakaosema kwamba msingi wa namna hiyo ni wa barabara kuu, si wa ua wenye gari moja dogo. Pingamizi hili lina mantiki, lakini linasahau wageni. Nyumba nyingi za miji yetu hupokea boza la maji, na boza la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji kabla hujahesabu chuma chake. Hupokea lori la mchanga, lori la kokoto, na siku isiyopendeza, gari la kunyonya majitaka. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori mchana na usiku kwenye barabara za majaribio karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, ili kujua mzigo unaharibuje barabara. Waliona kwamba uharibifu haukui sambamba na uzito. Hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya gari dogo hubeba kilo 600 hivi, ya lori tani 6 au zaidi. Lori lina uzito mara kumi tu, lakini kwa kipimo hicho pito lake moja linaumiza kama mapito 10,000 ya gari dogo. Majaribio yale yalifanyika kwenye lami na zege, si kwenye pevingi, kwa hiyo tusiichukue namba yenyewe kama sheria ya uani. Mwelekeo wake hata hivyo hauna ubishi: msingi hupimwa kwa gari zito kuliko yote litakalopita, hata kama hupita mara moja kwa mwezi. Kwa sababu hiyohiyo pevingi za sentimita 6 zinafaa njia za miguu na sehemu za magari mepesi, na za sentimita 8 ndizo za kuweka panapopita magari mazito.

Kuhusu maji, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba sakafu ya pevingi huvuja. Mvua hupita kwenye mianya, hasa katika miezi ya mwanzo kabla mianya haijajaa vumbi la kuiziba. Maji yakikuta mchanga wa kulalia umezungukwa na kingo za zege na chini kuna msingi uliobana, yanajaa humo na kukosa pa kutokea. Gurudumu likipita, maji yanashinikizwa na kutoroka kwa kasi yakibeba chembe laini, na kila pito linaacha pengo dogo chini ya kitofali. Kinga yake ni mteremko wa juu wa sentimita 2 kwa kila mita, maana yake ua wa mita 5 unashuka sentimita 10 kutoka nyumbani hadi mtaroni, pamoja na vitobo vidogo kwenye ukingo wa upande wa chini ili maji yaliyoingia yapate njia. Mchanga nao uwe wa chembe kubwa zenye pembe, uliooshwa. Vumbi la kokoto, linalopendwa kwa bei yake, lina unga mwingi unaoshika maji, na mchanga wa baharini una chumvi inayotoka juu kama weupe na chembe zilizolainika zisizoshikana. Na lile bomba la paa linalomwaga maji yote ya mabati mahali pamoja juu ya pevingi lielekezwe mtaroni, maana hakuna mchanga utakaobaki kwenye mianya iliyo chini yake.

Sasa saruji. Hoja ya wanaoitetea ni ya kueleweka: saruji hushika, mchanga hukimbia, kwa nini basi tusigandishe yote? Jibu ni kwamba sakafu lazima ichague tabia moja. Mawe bapa yaliyolazwa kwa mota juu ya jamvi la zege ni sakafu ngumu tangu juu hadi chini, na ikijengwa vizuri ni halali kabisa. Pevingi juu ya mchanga ni sakafu inayonyumbuka, na nguvu yake inatokana na kila kitofali kuweza kusogea kiasi kisichoonekana na kugawa mzigo. Ukiijaza mianya yake mota, umetandaza ganda jembamba na gumu juu ya kitanda kinachonyumbuka. Jua la mchana likilipanua, usiku ukalisinyaza, na gurudumu likalikunja, linapasuka kwenye mianya. Nyufa hizo hupitisha maji lakini hazirudishi mbano, kwa sababu mota iliyopasuka haijazi pengo kama mchanga unavyofanya. Kisha bomba likipasuka chini, vitofali ambavyo vingeng'olewa kimoja kimoja na kurudishwa jioni hiyohiyo vinavunjwa kwa nyundo. Uholanzi, ambako vitofali vya zege vilishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili wakati matofali ya kuchoma yalipoadimika, mitaa mingi hulazwa juu ya mchanga, na sababu moja ni ardhi yao laini inayoshuka: hufunguliwa, husawazishwa, hurudishwa. Siikatai saruji. Naipigania iwe mahali pake, nako ni kwenye kitako na mgongo wa ukingo, na pengine kiasi kidogo ndani ya moramu dhaifu ili kuiimarisha.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha, na silipuuzi. Kuchimba sentimita 25 au 30, kuondoa udongo, kununua moramu, kukodi mashine ya kushindilia na kumwaga zege la kingo kunaweza kumfanya mtu aone anazika fedha ardhini, hasa anapojua kwamba wageni watasifu rangi tu. Ushauri wangu ni kupunguza eneo kabla ya kupunguza kina. Njia ya magurudumu na pale gari linapogeuka vipate msingi kamili na ukingo kamili, na sehemu iliyobaki ibaki na nyasi au kokoto hadi fedha ipatikane. Ua uliotandikwa nusu ukatulia ni mali. Ua mzima uliotandikwa juu ya udongo uliokwanguliwa utalipiwa mara mbili, na mara ya pili kuna gharama ya kung'oa.

Mpangilio una uzito wake pia, ingawa si mkubwa kama unavyotangazwa. Panapopita magari, mtindo wa mfupa wa samaki, ambamo kitofali kimoja hulala na kinachofuata husimama kwa pembe ya mraba, huzuia kusukumwa vizuri kuliko mistari iliyonyooka, kwa kuwa haujiachii mwanya mmoja mrefu wa kutelezea. Vitofali vya kona kona husaidia kwa kiasi. Vipande vilivyokatwa visipungue theluthi ya kitofali, kwani kipande kidogo pembeni hupinduka mapema. Na kwenye mteremko mkali kazi huanzia chini kupanda juu, na mihimili ya zege hukatisha njia ili uzito wote usilalie ukingo mmoja.

Mwisho ni mchanga wa mianya, ambao huharakishwa kwa sababu unakuja siku ambayo kila mtu amechoka. Unatakiwa uwe mkavu kabisa na laini kuliko ule wa kulalia. Unafagiliwa juu, mashine ya kushindilia inapitishwa, mchanga unazama, unafagiliwa tena, mpaka mianya ikatae kumeza zaidi. Kufagia mara moja na kuondoka huacha mianya iliyojaa juu tu, na masika ya kwanza huifunua. Hata kazi njema huhitaji kuongezewa mchanga baada ya msimu wa kwanza wa mvua. Sisimizi huutoa chembe kwa chembe, na mashine za kuoshea magari zenye maji ya kasi huutoa kwa dakika chache, kwa hiyo ua wa pevingi ufagiliwe kwa ufagio mgumu, na mpira wa maji ya kawaida utumike inapobidi.

Kwa aliye na ua uliokwisha kuhama, kazi ianze pembeni. Ukingo uchimbuliwe uone kama una zege mgongoni. Kama hauna, hakuna haja ya kugusa katikati kabla haujajengwa. Kisha pevingi zing'olewe kuanzia ukingoni hadi mita moja kupita pale palipobonyea, msingi ulioonekana laini uondolewe, uwekwe mwingine na kushindiliwa, na mchanga mpya wa kulalia upigwe ubao. Zipangwe zikiwa juu kidogo ya zilizobaki, milimita 5 hadi 10, kwa kuwa mashine itazishusha. Vitofali vilevile, vikikwanguliwa uchafu ubavuni, hurudi mahali pake; kinachonunuliwa ni moramu, mchanga na saruji ya ukingo.